Nisome nini juu ya Masisi na Walikale? Jibu langu kwa wadogo zangu

Kila mwaka, wadogo zetu wakikaribia kuandika TFC, ujumbe unaanza kuingia kwenye simu yangu: "Mukubwa, unitafutie kitabu juu ya historia ya kwetu." Wengi wanatumaini nitawatumia PDF moja yenye kila kitu, toka mababu mpaka leo. Kitabu cha namna hiyo hakipo. Ila vitabu vipo, tena vingi kuliko tunavyodhani, na karibu vyote vinasomwa Bruxelles, London na Nairobi mbele ya kusomwa Nyabiondo ao Pinga. Mtoto wa Sake anaweza kupata diploma yake bila kufungua hata kimoja. Wakati huo huo anatunza kwenye WhatsApp sauti ishirini za watu asiowajua, kila mmoja akimwelezea nani alifika wa kwanza na nani ni mgeni.

Mahali pengine historia ni somo la kupitisha mtihani. Kwetu historia inaamua nani atalima kilima gani, nani ataitwa raia, na mara nyingi nani atafunga mizigo usiku. Kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja, kwa wote, vile ningemwambia mdogo wangu nyumbani: anza hapa, kisha pita hapa, na hiki ukisome ukiwa na wenzako.

Wengi wanaanza na vita. Mimi nasema uanze na Mwindo.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, kwa Banyanga wa Walikale, mzee mmoja aliyeitwa Rureke alikaa kusimulia. Alikuwa Shekarisi, yaani mtu aliyekabidhiwa masimulizi yale makubwa. Alisimulia kwa siku 12. Alikuwa anaimba, anacheza, anaigiza, watu wa kijiji wakimwitikia na kupiga ngoma, naye hakusahau kukumbusha kwamba msimulizi anahitaji kula na kunywa. Pembeni yake walikaa vijana wa hapo hapo wakiandika kwa mkono, neno kwa neno, kwa Kinyanga. Mmoja wao alikuwa Kahombo Mateene. Mtaalamu Mbeleji Daniel Biebuyck, aliyekuwa anafanya uchunguzi kwa Banyanga miaka ile, ndiye aliyeiandaa kazi hiyo, na mwaka 1969 ikatoka Marekani, katika matbaa ya Univasite ya California: The Mwindo Epic, majina mawili kwenye jalada, Biebuyck na Mateene. Ndani mna tafsiri ya Kingereza, na nyuma yake maneno ya Kinyanga yenyewe.

Mufikirie kidogo. Wasomi wanaochunguza masimulizi ya mashujaa duniani wanaweka Mwindo karibu na Sundiata wa Mali. Vijana wa Marekani wanaisoma darasani. Na yule kijana aliyekuwa anaandika kwa mkono kule Bese alikuja kuwa mtaalamu mkubwa wa lugha, akaongoza ofisi ya lugha za Afrika ya Umoja wa Afrika ule wa zamani, pale Kampala. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kulisikia jina lake kwenye masomo ya sekondari?

Sitawasimulia yote. Ila mujue inavyoanza: mwami wa Tubondo, Shemwindo, anawaambia wake zake wote wazae mabinti tu. Atakayezaa mwanaume, mtoto huyo atauawa. Mwindo anazaliwa tayari anatembea, tayari anasema. Baba anamtupia mkuki, anashindwa. Anamzika, anashindwa. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na ngoma inampeleka mtoto kwa shangazi yake Iyangura. Ukifika hapo utaelewa kwamba ni habari ya utawala: baba anayeogopa mrithi wake, kijiji kinachokaa kimya, shangazi anayebeba mzigo wa ukoo. Hata hivyo Mwindo anapomshinda baba yake hamuui. Anamfuata mpaka chini kwa wafu, anamrudisha nyumbani, na baba anakiri kosa lake mbele ya watu wote, shangazi akiwepo.

Halafu kuna mwisho, ambao watu wanaosoma haraka wanauruka. Mwindo anaua joka kubwa. Wewe unategemea apewe sifa. Kumbe joka lile lilikuwa rafiki wa Nkuba, Radi, na Radi anamchukua shujaa mpaka juu, anakaa mwaka mzima kwenye baridi na jua kali, anafunzwa kunyamaza. Akirudi duniani ni mtu mwingine, anatoa sheria za kuishi pamoja. Sisi tunaoishi mahali ambapo kila mwenye bunduki anajipa cheo, sijui kama kuna kitabu kingine chenye kutusemea hivyo. (Wenye kupenda zaidi, Biebuyck alitoa masimulizi mengine ya Banyanga mwaka 1978, Hero and Chief. Hicho ni kigumu zaidi, kiache kwanza.)

Kitabu kina kasoro yake. Jina la Rureke liko ndani, kwenye jalada halipo. Na mtu anayetafuta hapo kodi, kazi za nguvu na mabarabara ya Babeleji ataona machache sana, kama vile Walikale ya 1956 haikuwa na serikali ya koloni juu yake. Lakini ilikuwepo. Na wakati Rureke anasimulia kwenye msitu, kule juu kwenye vilima vya Masisi kazi kubwa ya serikali hiyo ilikuwa ndiyo kwanza imefungwa. Kwa hiyo kitabu cha pili kinatutoa msituni na kutupandisha kwenye malisho.

Huko kiongozi wetu ni mwanahistoria Stanislas Bucyalimwe Mararo. Mwaka 1990 alimaliza udaktari wake katika Univasite ya Indiana, Marekani, juu ya migogoro ya ardhi ya Masisi, na mwaka 1997 akatoa makala katika jarida la International Journal of African Historical Studies, juu ya ardhi, utawala na ukabila ndani ya Masisi toka miaka ya 1940 mpaka 1994. Makala haiko mbali: ukifungua akaunti ya bure kwenye JSTOR unaweza kuisoma kwenye skrini. Lakini ni Kingereza, na Kingereza cha univasite. Chukua siku tatu, usiione aibu.

Anachokieleza, kwa ufupi wangu mimi: mwaka 1928 Babeleji waliunda CNKi, Comité National du Kivu, iliyopewa ardhi kubwa sana kugawia wazungu waliotaka kulima. Kahawa, chai, pareto, ng'ombe. Mashamba yalihitaji mikono. Upande wa pili wa mpaka, Rwanda, nayo chini ya Babeleji, ilikuwa imejaa watu na imepigwa na njaa. Mwaka 1937 wakaanzisha MIB, Mission d'Immigration des Banyarwanda, iliyohamisha watu mpaka 1955. Hesabu inayorudiwa na wengi ni watu karibu 85,000. Gishari ikafanywa eneo la peke yake ndani ya nchi ya Bahunde, ikapewa chifu wa kutoka Rwanda, halafu mwaka 1957 ikafutwa na kurudishwa kwa Bahunde. Yaani kwa miaka ishirini hivi serikali moja ilitoa usultani kwa mkono wa kuume, na ikaunyang'anya kwa mkono wa kushoto, bila kuwauliza waliokuwa wanaishi juu ya udongo ule. Wenyeji walibaki na kinyongo cha ardhi iliyokatwa, waliohamishwa wakabaki na kinyongo cha ahadi iliyovunjwa. Uhuru ulipokuja 1960, vinyongo hivyo vyote viwili vilikuwa tayari. Vita vya "Kanyarwanda" vilianza 1963.

Yaliyofuata ni makaratasi, na makaratasi ya kwetu yanaua. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu mbele ya 1950. Sheria ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya dola, na mwisho wa mwaka huo Zairianisation ikagawa mashamba ya wazungu kwa wenye nafasi. Waliokuwa na mtu Kinshasa walipata vilima vizima, na mlimaji wa Masisi, awe Mhunde ao Mhutu, akajikuta anakodi shamba alilokuwa analima bure. Kisha 1981 ikaja sheria nyingine ikafuta ile ya 1972. Mtu alilala raia, akaamka hana nchi.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana njo mahali sauti za WhatsApp zinatudanganya zaidi. Wanatumia neno moja, "Banyarwanda", kama vile ni watu waliofika siku moja na gari moja. Wapo waliokuwa upande huu wakati mpaka unachorwa 1910, hasa upande wa Rutshuru. Wapo walioletwa na MIB, wengi wakiwa walimaji maskini waliokimbia njaa. Wapo waliokimbia mauaji ya Rwanda kuanzia 1959. Na wapo walioingia 1994. Ukiwachanganya wote, huwezi kuelewa hata mgogoro mmoja wa kilima kimoja. Na ukisema hakuna aliyehama, unamfuta Mhunde ambaye babu yake aliona shamba lake likipimwa kwa kamba.

Mararo hakubaliki na wote. Kuna wenzangu wanaosema ana upande, na nikisoma baadhi ya kurasa zake ninawaelewa. Mimi namweka kwenye orodha kwa sababu anaonyesha alipopata kila kitu, unaweza kumfuatilia na kumpinga. Ukimaliza, msome pamoja na Jean-Claude Willame, Banyarwanda et Banyamulenge (1997), na kile kikubwa alichoandaa pamoja na Paul Mathieu mwaka 1999, Conflits et guerres au Kivu et dans la région des Grands Lacs. Hivyo viwili ni Kifaransa, hamna kisingizio.

Sasa kitabu cha tatu, ambacho siyo kitabu. Ni ripoti ya Umoja wa Mataifa ambayo wote tunaiita Mapping. Ilitoka tarehe 1 Oktoba 2010, kurasa zaidi ya 500, na inaorodhesha matukio 617 ya mauaji na ukatili kati ya Machi 1993 na Juni 2003, nchi nzima. Iko bure, kwa Kifaransa na Kingereza. Watu wengi wanaitaja, wachache wameisoma. Na kuna jambo ambalo mtoto wa kwetu anapaswa kulijua: kwa nini hesabu yake inaanza Machi 1993, wakati dunia nzima inaanza habari yetu 1994 ao 1996? Inaanza hapo kwa sababu ya Ntoto. Tarehe 20 Machi 1993, kwenye soko la Ntoto, Walikale, wapiganaji wa Kinyanga na wa Kihunde waliwafyatulia risasi Banyarwanda wa Kihutu. Toka hapo moto ulishika Walikale na Masisi, na baada ya siku chache Bahunde nao walikuwa wanauawa na kuchomewa nyumba.

Niwaelezee namna tulivyoisoma. Tulikuwa watu saba Goma, wote watoto wa wilaya hizi mbili: Banyanga, Bahunde, Bahutu, na binti mmoja wa Kitutsi aliyezaliwa Kitchanga. Kila mtu alikuwa amekuja akijua wafu wa kwao. Kijana mmoja wa Walikale alisoma aya ya Ntoto kwa sauti, akafika katikati akanyamaza. Aliyekaa karibu yake, ambaye ukoo wake ulitoka huko huko ukikimbia, akachukua simu akaendelea kusoma. Tukapita kwa Bahunde waliouawa wiki zilizofuata. Tukafika Mokoto, Mei 1996, Batutsi waliokuwa wamekimbilia monasteri. Binti akasoma mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Tukafika wakimbizi Bahutu wa Rwanda waliofuatwa na jeshi kwenye njia ya Hombo na Walikale, mwisho wa 1996. Ilituchukua saa tatu, na hatukumaliza hata sehemu ya Kivu ya Kaskazini.

Sitawadanganya kwamba tulitoka pale tumekumbatiana. Wawili hawakurudi wiki iliyofuata. Lakini tangu siku ile hakuna aliyesema tena mbele ya mwenzake "sisi tu ndio tuliuawa", maana kila mmoja alikuwa amesikia ukurasa wa mwenzake kwa kinywa cha mwenzake. Kwa hiyo nasisitiza: Mapping usiisome peke yako usiku. Na usikate ukurasa mmoja kuutuma kwenye grupu. Wanaofanya hivyo wanajua wanachokifanya.

Vingine nitapita haraka. Jason Stearns, Dancing in the Glory of Monsters (2011), kinasomeka kama simulizi, amewahoji watu walioendesha vita wenyewe. Kwa mambo ya kwetu kabisa, bora zaidi ripoti zake fupi za Usalama Project, za Rift Valley Institute: ile ya Kivu ya Kaskazini (2012) na ile ya PARECO (2013). Ni za bure, hazili mega nyingi, na ya PARECO inaonyesha wazi namna ugomvi wa mashamba ya Masisi ulivyogeuka jeshi. Séverine Autesserre, The Trouble with the Congo (2010), anauliza kwa nini wazungu wa amani walihangaika na uchaguzi na marais huku wakiacha ugomvi wa kilima uendelee. Mwalimu yeyote wa Masisi angemwambia hivyo kwa kikombe cha chai, lakini ni vizuri kwamba limeandikwa. Van Reybrouck na Ndaywel ni wazuri kwa Kongo nzima, visome ukiwa na muda.

Kwa wana Walikale, kuna ile mada ya madini. Dunia ikisikia Walikale inasikia Bisie. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, kampuni zitangaze kama madini yao yametoka kwetu, na Septemba mwaka huo huo Rais Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Wazazi wetu waliouza maandazi na chumvi kwa wachimbaji walijua maana yake kwa tumbo. Christoph Vogel ameandika juu ya hayo katika Conflict Minerals, Inc. (2022), na mwaka huo huo James Smith akatoa The Eyes of the World, ambacho nakipenda zaidi kwa sababu wachimbaji wanaongea ndani yake kama watu wenye akili na mawazo yao, hawaonyeshwi kama picha za huruma.

Mtaniuliza: mbona hakuna hata kimoja cha Kiswahili? Kipo, na si cha kwetu, lakini ninakiweka mwisho kwa makusudi. Mwaka 1965, Lubumbashi, André Yav, mwanaume aliyekuwa amefanya kazi za nyumbani kwa wazungu, aliandika historia ya mji wake kwa niaba ya wenzake waliokuwa maboi. Aliandika kwa Kiswahili cha Kongo, kile chetu cha kila siku, bila kujali kama Dar es Salaam wangekiita kibovu. Walikipiga kwa mashine ya kuandikia, kurasa chache zilizoweza kupotea kabisa. Johannes Fabian alikitoa mwaka 1990 pamoja na tafsiri, akisaidiwa na Kalundi Mango, na maandishi yenyewe yako bure kwenye intaneti, kwenye hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida iliyowekwa na Univasite ya Amsterdam.

Yav hakuwa na diploma. Tarehe zake nyingine hazilingani na zile za vitabu, na Fabian anaeleza wapi na kwa nini. Lakini alijua nani alipigwa, nani alilipwa kiasi gani, wazungu walikula nini na waliwaita vipi. Tulipokisoma kwa sauti kwenye kile kikundi chetu, tulicheka kwanza, maana anaandika kama vile babu anavyoongea. Halafu mmoja akasema baba yake mkubwa alikuwa kapita wa shamba la chai la mzungu, bado anaishi, ana miaka zaidi ya themanini na anakumbuka mishahara yote. Jumamosi inayofuata tulienda kumwona na daftari mbili na simu yenye moto. Alituuliza kwanza kama tumekuja na chumvi.